Trakta ya Ukweni Ilipokataa Kusimama

Nina miaka thelathini na tisa, nina mke mmoja na watoto wanne, na ninaishi ukweni. Najua wengine mmeshaanza kucheka. Mwanaume mzima, ndevu zimeanza kuwa nyeupe, bado analala kwenye uwanja wa mama mkwe! Nisomeni kwanza hadi mwisho, halafu mcheke kama mtaweza.

Majina ya watu nimeyabadilisha. Mimi mniite Bonifasi. Kuna mtu nilimwahidi kwamba sitalisema jambo hili mbele ya ukoo, na mpaka leo sijalisema. Lakini nyinyi wasomaji hamnijui, wala hamjui uwanja wetu uko upande gani wa Kalemie. Niacheni nipumue kidogo hapa, maana kwingine kote nimebanwa.

Kwetu ni Moba, kule juu kwenye baridi na maharagwe. Nilishuka Kalemie, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, nikiwa kijana, nikapata kazi ya udereva, nikampata na mke wangu, Mama Neema. Kwa desturi ya watu wake, mwanaume anayeoa anakaa kwanza ukweni na kuwafanyia kazi wazazi wa mke. Wakiridhika, wanamwambia: haya, chukua mke wako, nenda kwenu. Wenzangu walipewa jembe. Mimi nilipewa trakta!

Trakta hiyo ilikuwa ya baba mkwe. Aliipata kwenye shamba la zamani la pamba alikofanya kazi ujana wake, na umri wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Zamani ilikuwa nyekundu, sasa ilikuwa rangi ya kutu tu. Kiti chake kilikuwa chuma kitupu... ukikaa asubuhi nzima unasahau kama una makalio. Lakini injini ilikuwa na roho ngumu. Baba mkwe alipofariki aliacha trakta hiyo, shamba la michikichi nyuma ya mji, mjane wake, binti ambaye ni mke wangu, na mtoto wa kiume mmoja tu, shemeji yangu Donati.

Shamba lilikuwa limemezwa na nyasi. Wachumaji wa ngazi, yale matunda ya michikichi, walikuwa wanaogopa nyoka, na mashada yalioza chini ya miti. Ndipo ndugu mmoja wa familia, mfanyabiashara wa ziwani, akaleta kutoka Kigoma mashine ya kukatia nyasi: sahani pana ya chuma yenye visu viwili vizito chini yake, vinavyozunguka kwa nguvu za trakta inayoikokota.

Mjomba wa mke wangu, Papa Kabwe, ndiye msemaji wa ukoo. Aliniita mbele ya wote, akasema niifunge mashine ile, nisafishe michikichi msimu mmoja hadi ngazi zivunwe, halafu nichukue mke na watoto niende Moba. Msimu mmoja tu! Nilitamani kumkumbatia. Baba yangu alikuwa anazeeka peke yake kule mlimani, na shamba lake lilikuwa linanisubiri.

Nikaanza kazi kwa moyo wote. Niliirudisha trakta nyuma polepole, nikapachika mashine kwenye mikono miwili ya chini inayotoka nyuma ya trakta, nikafunga na mkono wa juu, nikasawazisha sahani ili mbele iiname kidogo, isije ikachimba ardhi. Kisha nikaunganisha kardani, ule mti wa chuma unaozunguka na kupeleka nguvu kutoka trakta hadi kwenye visu. Nikawasha. Visu vikalia, nyasi zikalala chini! Familia nzima ilikuwa imesimama inaangalia, Donati akiwa mbele kabisa.

Nilipofika mwisho wa mstari nikakanyaga klachi nisimame. Trakta haikusimama... Iliendelea kwenda kana kwamba kuna mtu anaisukuma, ikaingia kwenye mihogo ya jirani, ikabomoa na ua wake. Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Donati alicheka kuliko wote.

Mimi sikucheka. Trakta za zamani ndivyo zilivyo. Ukikanyaga klachi umeikata injini, lakini vile visu vizito bado vinazunguka, na mzunguko wao unarudi kupitia kardani na kuyasukuma magurudumu. Unakuwa umekaa juu ya mnyama asiyekusikia. Dawa yake ni kipande kimoja cha chuma, si kikubwa kuliko kikombe cha chai, kinachokaa pale trakta inapokutana na kardani. Hapa tunakiita rulibre. Kikiwepo, visu vinazunguka vyenyewe hadi vichoke, na trakta inasimama unapotaka.

Nilikitafuta mpaka nikakipata kwa fundi mmoja karibu na bandari. Nikaifupisha kardani kidogo kwa msumeno ili kipande kipate nafasi, nikafunga kipande changu na boliti, kichwa cha boliti kikitazama juu. Tukajaribu tena mbele ya wote. Nikakanyaga klachi... trakta ikatulia palepale. Nilimwambia kila mtu, Donati akiwemo, kwamba kipande kile kisiguswe. Bila hicho, nikasema, trakta hii itaua mtu.

Sasa niwaeleze jambo la heshima, maana ndilo lililotumaliza. Mkwe mwanaume na mama mkwe, kwa desturi yetu, hawatazamani usoni. Hawasemezani. Nikiwa na neno kwake nampa mke wangu alipeleke, na yeye vilevile. Tukikutana njiani mmoja anapisha. Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kusikia sauti yake ikielekezwa kwangu, ingawa chakula chake nilikula kila siku, na alinichagulia vipande vizuri vya samaki. Nilimpenda yule mama. Nilimpenda bila kumuona uso.

Hata kwenye kazi tulikuwa na utaratibu wetu. Nyumba iko ukingoni mwa shamba, na yeye alikuwa anavuka mara nyingi na beseni la ngazi kichwani. Akisikia trakta inakaribia, alisimama pembeni ya njia na kunipa mgongo. Mimi nilikanyaga klachi, nikapunguza mafuta, nikaangalia upande mwingine. Mlio wa injini ukishuka, alijua nimesimama. Hapo alivuka bila kugeuka. Hatukuwahi kupatana juu ya hilo, lilizaliwa lenyewe, na mimi nililipenda. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Msimu ulienda vizuri. Michikichi ilipumua, ngazi zikawa nyekundu. Mke wangu alianza kuniuliza kama Moba kuna baridi kweli kama watu wanavyosema. Nikamwambia atazoea. Akanyamaza... na mimi sikuuliza kwa nini amenyamaza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Asubuhi nilikuwa na kawaida ya kuizunguka trakta yote kabla ya kuiwasha, na zaidi nyuma, nikague boliti na kardani. Asubuhi ile nilikuta mama mkwe amekaa nyuma yake kabisa, kwenye kivuli, anachambua ngazi. Nifanye nini? Nimwinamie na kumpitia karibu na magoti? Nimfukuze mama wa watu kivulini? Niliona aibu, nikarudi nyuma. Nikapandia mbele, nikasubiri nisikie ameinuka na beseni lake, nikawasha injini, nikaondoka.

Jamani! Hatua chache tu za kuzunguka ile trakta... Ningezipiga, leo nisingekuwa naandika haya.

Nilikata mistari ya mbali kwanza, kule ambako sina sababu ya kusimama ghafla. Mwishoni mwa kila mstari nilikata kona pana bila klachi. Halafu nikageuka kuelekea nyumbani. Nikamuona mama mkwe anakuja na beseni kichwani. Alisimama pembeni ya njia kama siku zote, akanipa mgongo. Nikakanyaga klachi kama siku zote, nikapunguza mafuta, nikageuza macho pembeni. Mlio ukashuka.

Na yeye akavuka.

Nilihisi trakta inanipeleka. Nilidhani mguu umeteleza. Nikakandamiza klachi hadi chini, nikakanyaga breki, zile breki za kizee... ikaendelea! Nikamwangalia, mtu nisiyepaswa kumtazama, naye hakugeuka, kwa sababu masikio yake yalikuwa yamemwambia nimesimama. Nilifungua mdomo kuita. Hamtaamini: sikuita. Sikujua nimwite nani. Katika maisha yangu sikuwahi kumwita yule mama kwa jina lolote! Nilipoipiga gia hadi ikatoka, gurudumu la mbele lilikuwa limeshamwangusha na kupanda juu ya mguu wake. Trakta iliegemea mchikichi, ikazimika. Ngazi zilitawanyika kila mahali.

Tulimkimbiza hospitali. Madaktari walifanya walichoweza, lakini wayo ulikuwa umesagika na ilibidi ukatwe. Nilikaa kwenye ukuta wa nje siku nzima, nguo zimejaa mafuta, nikirudia kitu kimoja kwa kila aliyepita: trakta haikusimama, haikusimama. Mke wangu alirudi nyumbani kuchukua sufuria na nguo za mama yake. Aliporudi hospitali macho yake yalikuwa hayatulii mahali. Nilidhani ni uchungu.

Kesho yake Papa Kabwe alikusanya wanaume wa ukoo uwanjani. Nikaeleza. Nikasema kile kipande hakikuwepo, haiwezekani kiwe kilikuwepo, trakta ilinisukuma kama siku ile ya kwanza. Papa Kabwe akasema twende tukaangalie. Tukaenda nyuma ya trakta wote pamoja.

Kipande kilikuwepo. Kimekaa mahali pake, kimefungwa vizuri, kinang'aa!

Niliinama nikatazama. Boliti ilikuwa imewekwa kichwa chini. Nikawaambia, oneni, mimi hufunga kichwa juu, kuna mtu amekigusa! Wakaangaliana. Mzee mmoja alitabasamu kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kofi. Donati alisimama mikono mfukoni. Alisema kwa sauti ya upole kwamba shemeji amechoka, tusimlaumu sana, labda alisinzia.

Ukoo ukajitenga kidogo, ukarudi na neno. Papa Kabwe alilisema taratibu, bila hasira, kama mtu anayesoma tangazo kanisani.

"Bonifasi, hatukufukuzi. We uko mutoto wetu. Lakini hautachukua bibi na batoto kwenda nabo ku Moba. Utabaki hapa, utafanya kazi ya hii trakta, mpaka mama atembee vile alikuwa anatembea. Siku ile atatembea, utaenda."

Mama ambaye wayo wake umezikwa! Atembee vile alivyokuwa anatembea... Nilimwangalia mke wangu, aliyesimama kando na wanawake wengine, atetee. Alikuwa anaangalia chini, anachora mchangani kwa kidole cha mguu.

Hivyo ndivyo nilivyofungwa. Hakuna mnyororo, hakuna askari. Naweza kutoka uwanjani saa yoyote nikafika hadi bandarini, nikaangalia boti zinazokwenda Moba. Lakini kwa watu hawa mtoto ni wa upande wa mama. Nikiondoka, naondoka peke yangu, na kila mtu atasema amekimbia kosa lake. Sokoni tayari walikuwa wamenipa jina: Kanyaga-Mama. Wengine walinong'ona kwamba nilifanya makusudi, eti nilipewa dawa, na sharti lake lilikuwa kumwaga damu ya mama mkwe.

Halafu Moba ikaniita. Wauza samaki walileta habari kwamba baba yangu ni mgonjwa sana. Niliomba ruhusa niende na mke na watoto, mzee awaone walau mara moja. Papa Kabwe akasema niende, lakini watoto wabaki. Upepo wa ziwa ulituzuia njiani. Nilipofika, udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Shamba alikuwa amekabidhiwa binamu yangu, kwa sababu mimi, walisema, nimekuwa mtu wa ukweni. Nililala pale kwa binamu kama mgeni. Ningeweza kubaki... Nani angenilaumu? Lakini usiku mzima nilisikia sauti za wanangu. Nikapanda boti, nikarudi mwenyewe kwenye kamba yangu.

Mama mkwe alikuwa ameshatoka hospitali. Mchana mmoja, watu wote wakiwa shambani, nilikuwa napitisha kuni kando ya ukuta wa chumba chake. Dirisha lina pazia la kitenge. Nikasikia mtu anakohoa, kisha sauti ambayo sikuwahi kuelekezewa maishani mwangu.

"Mukwe wangu. Usiangalie huku, unisikilize tu."

Nilisimama na kuni zangu mikononi.

Akaniambia yote. Ijumaa ile, jua likielekea kuzama, alimuona Donati nyuma ya trakta. Alikuwa anataka kuendesha kinu cha mihogo kwa nguvu za trakta, na gurudumu la mkanda wa kinu halikuingia kwa sababu ya kipande changu. Akakifungua. Alipomaliza kusaga aliirudisha kardani hivihivi, bila kipande, akakitia kwenye mfuko wa koti. Mama alimuuliza kama mkwe anajua. Donati akasema atakirudisha asubuhi kabla sijaamka. Mama hakutosheka. Desturi ilimkataza kuniambia mwenyewe, akamtuma binti yake, mke wangu, aniambie. Na mke wangu hakuniambia.

Asubuhi Donati alichelewa kuamka. Ile asubuhi mama alikuwa amekaa pale nyuma ya trakta makusudi, akidhani mwanawe atakuja mapema, amwone anakirudisha. Nilipokuja mimi na kuondoka bila kusema kitu, akadhani nimeshaambiwa na kila kitu kiko sawa. Mnaona? Kukaa kwake pale kulikuwa ni kunilinda, na heshima yangu ikanifanya nimkimbie!

Nilisikia anapumua nyuma ya pazia.

"Donati njo mutoto mwanaume moja tu Mungu alinipatia. Bantu bakijua, batamufukuza, na mimi nitakufa mbele ya siku yangu. We hauna kosa, najua. Unisaidie kunyamaza, mukwe."

Mngejibu nini, wasomaji? Semeni! Mguu wake umeenda, na hakuna aliyewahi kuniomba kitu kwa namna ile. Nilitaka kupiga kelele hadi ng'ambo ya ziwa. Badala yake nikatoa maneno mawili, ya kwanza na ya mwisho niliyowahi kumwambia.

"Ndiyo, mama."

Mlango wa gereza langu nikaufunga mwenyewe, kwa mkono wangu.

Jioni ile nilimuuliza mke wangu. Hakukana. Alisema Donati alimsihi asiniambie, kwamba nitafanya makelele kwa kitu kidogo kitakachorudishwa asubuhi. Siku ya ajali, aliporudi kuchukua sufuria, alimkuta kaka yake amepiga magoti nyuma ya trakta, anafunga ile boliti kwa haraka. "Uku ni ndugu, uku ni bwana yangu," alisema akilia. "Ningekata upande gani?" Nilimsikiliza. Nikakumbuka alivyonyamaza nilipomwambia kuhusu baridi ya Moba. Sijawahi kumuuliza kama ndani ya moyo wake alifurahi kidogo tulipofungiwa hapa. Naogopa jibu. Tunalala kitanda kimoja, tunasali Baba Yetu pamoja na watoto, na kati yetu kuna kile kipande cha chuma.

Donati ananiita shemeji kwa heshima kubwa siku hizi. Ananiletea sigara, nami sivuti. Hawezi kuniangalia machoni, na yeye hana desturi inayomkataza.

Ndugu zangu wasomaji, nawasihi. Ukifunga mashine nyuma ya trakta ya zamani, izunguke mwenyewe kila asubuhi, hata kama amekaa mfalme hapo nyuma. Ukifungua chuma cha mwenzako, mwambie kwa mdomo wako, siku ileile, usingoje asubuhi. Na wewe uliyetumwa neno, lipeleke! Neno lililobaki kinywani mwa mke wangu lilikuwa jepesi jioni ile. Leo tunalibeba nyumba nzima. Heshima ya ukweni ni nzuri, mimi nimelelewa nayo na wanangu nawafundisha. Lakini mtu akiwa kwenye hatari muite, hata kama hujui umwite nani.

Msimu mwingine wa nyasi umefika. Bado nakata. Mama mkwe amepata gongo la kutembelea, na bado anapenda kuchambua ngazi zake mwenyewe. Akitaka kuvuka anasimama pembeni ya njia, ananipa mgongo kama zamani. Mimi siku hizi nasimama mbali, nazima injini kabisa, na nasubiri mpaka visu vyote vimenyamaza. Hapo nasikia gongo lake likigusa ardhi, halafu linagusa tena. Nimekaa juu ya kile kiti cha chuma, nimeangalia upande mwingine, nasubiri mama atembee.